Kadi ya Blandina

Jumapili, 2 Machi 1986

Daftari hili ni la Blandina, kurasa zilizobaki za Jiografia. Amenipa akisema, "Mama, andika kila siku, hata mstari mmoja, mkono wako usisahau darasa la nne." Haya, nimeanza. Mimi ni Antonia, mke wa Tluway, wa hapa Mbulumbulu, na binti yangu yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Nimetanguliza hilo kwa sababu ndilo kubwa. Linalofuata kwa ukubwa ni kadi.

Mzee Josephati ana duka Karatu, na duka jingine dogo mbele ya lango la chuo. Mwaka huu ameanza kuwapa kadi wanachuo anaowaamini. Mwenye kadi anachukua anachohitaji, muuzaji anaandika, orodha inaletwa Karatu kila wiki, na mzazi analipa huko akishavuna. Kijijini kwetu aliyepata ni Blandina peke yake. Kadi yenyewe ni ya kijani, ngumu kama jalada la kitabu cha sala, jina limepigwa taipu: BLANDINA TLUWAY. Pembeni kuna picha yake, uso ameukaza kama mkuu wa wilaya.

Leo baada ya misa nimeipitisha watu waione. Mama Qamara, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, aliishika kwa ncha za vidole.

"Sasa hii ndiyo hela?"

"Si hela. Ni kuaminiwa."

"Mimi naaminiwa na mbuzi wangu na hawajanipa karatasi."

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini niliipangusa kwa kanga kabla ya kumrudishia mtoto.

Jioni tulikaa jikoni. Blandina alikuwa amevaa sweta la bluu nililomfumia mwenyewe, lenye mstari mweupe kifuani na kosa moja kwenye mkono wa kushoto ambalo nalijua mimi tu. Akanisimulia habari za mwenzake wa kitanda cha chini. Anaitwa Nanyori, Mmasai wa kule Sale, baba yake mfugaji. Kwao kuna joto, kwa hiyo chuoni baridi inamtesa, na hana sweta.

"Mwambie Pasaka aje nawe," nikasema. "Kwangu mtoto haondoki na njaa. Maziwa nitammiminia mpaka mwenyewe aseme basi."

"Nitamwambia, mama. Ila ana aibu huyo. Ataishia langoni."

"Basi nitamfuata langoni."

Jumanne, 4 Machi

Ameondoka na lori la mbegu. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepeleka maharage Karatu. Nimepita kwa Josephati, duka limejaa watu. Nikamwambia, "Mzee, mwanangu amechukua nini wiki hii? Soma kwa sauti, usinifiche, na kila Jumamosi usome hivyo hivyo."

Akavaa miwani. "Nusu mche wa sabuni. Daftari. Kalamu ya wino. Sukari."

Watu wakageuka. Nikawaambia ni mwanangu, yuko chuoni, maana wengine walikuwa wa Ganako na hawakujua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua, lakini nimekwenda. Josephati akasoma: "Mafuta ya taa. Dawa ya homa. Dawa ya homa tena."

"Anaumwa?"

"Mama Blandina, mimi nasoma tu."

Nikaona ni mbu. Nimemtumia salamu kwa dereva, na ndizi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mahindi ya shamba la juu yametoka vizuri, kuliko ya Mama Qamara.

Jumamosi, 22 Machi

Daraja la chini limezama na mguu unaniuma, sikwenda. Mama Qamara amezungukia juu kwenda Karatu kwa ajili ya mnunuzi wa mbuzi wake. Nikamwagiza apite kwa Josephati, amwombe amsomee. Nilitaka asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Hajapita kuniambia.

Jumapili ya Matawi, 23 Machi

Nimekaa benchi la tatu, lile la siku zote. Waliokuja nyuma yangu wakakaa la nne, la tano, wengine wakasimama mlangoni na mvua inawanyeshea mgongoni. Benchi lote likawa langu na Tluway. Wakati wa kupeana amani katekista alinipungia tawi kutoka mbali, kama mtu anayefukuza nzi.

Nimemwambia Tluway, huu ni wivu wa kadi. Tluway hakusema kitu. Lakini huyo hata siku njema hasemi kitu.

Jumatano, 26 Machi

Kiberiti kimelowa chote. Nikatoka kwenda kuomba moto kwa Mama Qamara. Kabla sijafika mferejini alikuwa ameshatoka nje.

"Simama hapo hapo, Mama Blandina."

"Kwani nina nini?"

"Moto wangu umezimika."

Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa lake, mweupe, mzito, na harufu ya maharage juu. Nilimwonyesha kwa kidole. Hakuutazama moshi. Aliitazama mikono yangu.

"Poleni," akasema.

"Pole ya nini?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Mchana, akafunga mlango! Nimemjua tangu tunaolewa, tumezaa mwaka mmoja, na sikuwahi kuuona mlango wake umefungwa mchana.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Ukungu wa leo ni ule unaoshuka msituni na kukaa. Kutoka mlangoni nilikuwa sioni banda la ng'ombe. Saa tisa hivi ukapasuka kidogo, nikamwona Blandina langoni.

Nimeona sweta la bluu. Nimeona mstari mweupe. Alisimama mahali ua wa minyaa unapoachia nafasi ya lango, mkono mmoja juu ya nguzo, kichwa ameinamisha.

Nikapiga kelele, "Baba Blandina, mtoto amefika!" Nikamwambia, "Ingia, mama, unasubiri nini kwenye baridi?" Hakuingia. Nikaenda mbio na kandambili zikabaki kwenye tope. Nilipofika langoni hapakuwa na mtu. Tope la hapo lilikuwa laini kama uji, na nyayo zilizokuwapo ni za ng'ombe wetu.

Mbwa alikuwa amelala pale pale kwenye majani, macho wazi, mkia unatikisika kidogo kama anavyomfanyia mgeni anayempenda.

Tluway anasema ni ukungu na kufunga. Kweli nilikuwa sijala.

Pasaka, 30 Machi

Nimechinja jogoo mwekundu. Blandina hakuja. Barua hakuna. Hakuna aliyekuja kula, wala aliyetualika. Kila mwaka watoto wa Mama Qamara huja kugombania shingo. Leo shingo nimekula mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Amesimama tena, mchana kweupe, mvua ya rasharasha. Safari hii sikuita wala sikukimbia. Nilisogea mpaka kwenye jiwe la kusagia, nikaona mkono wa kushoto wa sweta, pale nilipokosea uzi. Hilo kosa hakuna mtu mwingine anayelijua. Uso sikuuona, ameuinamisha kama binti mwenye aibu. Nikaanza kusali Salamu Maria, na nilipofika "sasa na saa ya kufa kwetu" ulimi ukakataa kuendelea.

Nilipofumbua macho lilikuwapo lango tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya shamba letu kupaliliwa. Tumekwenda kwa kila mtu kwa zamu yake, mgongo wa Tluway ni shahidi. Nimepika pombe, nimepika makande. Hakuja mtu. Tumekaa kwenye mpaka wa shamba, mimi na Tluway na pipa la pombe.

Jioni Tluway akasema, "Kisimani nao wanawaondoa ng'ombe wao kabla wa kwetu hawajafika."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

Hapo nikaelewa, maana haya nayajua. Nilipokuwa msichana tuliifanyia hivi nyumba ya mjomba wangu. Kifo cha mtoto au kijana kikiingia nyumbani, nyumba inakaa mwikoni. Hamwombi moto, hampeani mikono, ng'ombe hawachanganyiki, kazi ya pamoja hamuendi wala haiji kwenu, mpaka wazee waje kuwafungua. Katekista anasema mambo ya zamani hayo, na katekista huyo huyo alinipungia tawi kutoka mbali. Na nyumba ikificha kifo chake, msiba unatembea, unaingia kwa wengine. Nyumba ya namna hiyo hawaiulizi kitu. Kuiuliza ni kuingia.

Wametuweka mwikoni. Lakini sisi hatujafiwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika yote.

Nilitoka alfajiri, nikapata lori Rhotia. Josephati aliponiona akachukua kitambaa akaanza kufuta mizani, na mizani ilikuwa safi.

"Soma," nikamwambia.

"Mama Blandina, karibu nyuma tuongee."

"Hapa hapa. Soma kama ulivyomsomea mwenzangu."

"Nilimsomea kwa sababu wewe uliniagiza nisome kwa sauti! Mdomo ulikuwa umeshaanza kabla macho hayajafika mwisho."

"Soma, mzee."

Akasoma kwa sauti ndogo. "Bafta nyeupe. Misumari. Mishumaa."

Mama mmoja aliyekuwa anapimiwa chumvi akavuta mfuko wake karibu na tumbo.

"Nani kachukua?"

"Kadi ya Blandina."

"Nimeuliza nani. Sijauliza kadi gani."

"Muuzaji wa kule ameandika kadi tu, mama. Sisi tulijua mna habari. Watu wakasema labda binti alikuwa na mtoto wa siri, mtoto huyo amefariki, nanyi mmeficha ili kilimo kisisimame. Unajua watu."

"Na baada ya hapo kadi imechukua nini?"

Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Hakuna. Tangu siku hiyo hakuna."

"Mzee Josephati, mtu akifa na kadi yake ikawa mfukoni, wenzake hawawezi kuitumia kumnunulia sanda?"

Alivua miwani. Akafunga daftari la madeni.

Kutoka Rhotia nilirudi kwa miguu. Watu walinipita na kila mmoja alihamia upande wa pili wa barabara. Nikawaza, yule wa langoni, kama ni mtoto wangu mzima wa afya, kwa nini haingii kwao? Mtu hai haogopi kuingia kwao.

Jumapili, 6 Aprili

Tluway amekwenda chuoni. Hakunywa chai. Alivaa koti lake la harusi, nikamuuliza kwa nini hilo, akasema, "Lolote nitakalolikuta, nilikute nimevaa."

Jumatatu, 7 Aprili

Amekuja. Ukungu, saa tisa, pale pale langoni.

Nimechoka kuogopa. Nilikamua, nikajaza kile kikombe cha bati chenye maua, nikaenda nacho taratibu huku natazama chini. Nilipofika hatua chache nikasema, "Kama ni wangu, kunywa. Kama si wangu, kunywa vilevile." Nikakiweka juu ya nguzo nikarudi bila kugeuka.

Baadaye nimekwenda kukichukua. Kikombe kilikuwa kimefunikwa juu ya nguzo, mdomo chini, kitako juu. Mvua ilikuwa imenyesha wakati wote ule, na ndani kilikuwa kikavu.

Paka anaweza kunywa maziwa. Paka hafuniki kikombe.

Jumanne, 8 Aprili

Maziwa. Kikombe kimefunikwa.

Jumatano, 9 Aprili

Maziwa. Kimefunikwa. Sijui kwa nini leo nimelala usingizi mzuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa tisa, ukungu, nikatoka na kikombe kama nilivyozoea. Alikuwa langoni. Lakini huyu hakuwa na sweta. Alikuwa na gauni la chuo, mabega yamelowa, na alikuwa anatetemeka. Yule hajawahi kutetemeka.

"Shikamoo, mama."

Yule hajawahi kunisalimia.

Kikombe kikaanguka. Nilifungua mikono, na mtoto wangu akarudi nyuma kama nimemnyanyulia fimbo. "Simama hapo hapo, mama! Usiniguse. Nimemfunika Nanyori kwa mikono hii."

Tluway alikuwa nyuma yake, koti la harusi limejaa tope, analia bila sauti. Ni mara ya kwanza kumwona akilia.

Akanieleza tukiwa tumesimama hivyo, lango katikati yetu. Nanyori alishikwa na homa. Dawa zile za kwenye kadi zilikuwa zake. Ikapanda kichwani, na akafariki Jumatano ile kabla ya Matawi. Barabara ya Sale ilikuwa imekatika, habari haikuweza kumfikia baba yake, na mwili haungesubiri. Chuoni wakauliza, nani ndugu yake asimame naye? Wanachuo wote wakatazama chini. Blandina akasema, "Mimi. Ni dada yangu." Akachukua bafta kwa kadi yake.

"Na sweta?" nikauliza.

Akashangaa. "Umejuaje, mama? Nilimvika. Alilalamika baridi mpaka mwisho. Niliona haifai aende na baridi."

"Kwa nini hukuandika, Blandina? Mstari mmoja!"

"Na karatasi ningeishika kwa mkono gani? Najua mwiko, mama. Nikasema nisiandike, nisije, kitu changu kisiingie nyumbani mpaka mmalize kupalilia. Nilikuwa nawakinga."

Nawakinga! Majirani walinyamaza ili wajikinge, mtoto alinyamaza ili atukinge, na mimi katikati nikamzika mwanangu moyoni kila siku saa tisa.

Nikamuuliza jambo moja tu. "Ulimwambia nilimwalika Pasaka?"

"Nilimwambia. Alifurahi, akaninyima usingizi kwa maswali. Lakini alisema ataishia langoni."

Niliokota kikombe.

Tluway akafuta uso. "Mama Blandina, tufikiri. Wazee wakielezwa watasema yule si wetu. Ni Mmasai, ana ukoo wake. Mtoto ataoshwa, yataisha leo. Tukikaa mwikoni sasa, magugu yatamaliza mahindi, na Josephati tutamlipa nini?"

Anasema kweli. Palizi haisubiri. Nikawaza pia yule aliyesimama wiki zile zote pembeni ya minyaa, anasubiri mwenye nyumba aseme neno.

"Blandina, kwenye ile kadi kumeandikwa jina la nani?"

"Langu, mama. Na la baba."

"Basi ni wetu," nikasema. Nikafungua lango nikamshika mtoto wangu mikono yote miwili, ile ile.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nimesimama ukingoni mwa mfereji, upande wangu, nikaita kwa sauti ambayo hata Kitete wamesikia.

"Mama Qamara! Nyumba yangu ina msiba. Tunakaa mwikoni kuanzia leo, kwa midomo yetu wenyewe. Hatujaficha na hatufichi. Nimefiwa na binti."

Akatoka na mwiko wa ugali mkononi. "Blandina?"

"Blandina mzima, yuko ndani anakula. Nimefiwa na mwingine. Anaitwa Nanyori. Nilikuwa na wawili chuoni."

"Wawili?"

"Wawili! Ulidhani nimemaliza kujisifu?"

Alicheka, halafu kicheko kikageuka, akakaa chini kwenye majani akalia na mwiko wake. Mchana alivuka mpaka kwenye jiwe la katikati ya mfereji, akaacha kitu, akarudi. Kiberiti kipya.

Jumapili, 13 Aprili

Saa tisa nimekwenda na maziwa. Hakuwapo. Nimeyaacha hata hivyo. Jioni yalikuwa yamejaa maji ya mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Hajaja. Blandina anaona napeleka kikombe na haulizi mkono wangu unakwenda wapi.

Ijumaa, 25 Aprili

Shamba la juu limepaliliwa mpaka nusu. Hatukuona mtu. Nyayo ni nyingi, za watu wazito, na pembeni kuna jembe la Mama Qamara lenye mpini uliopasuka, amelisahau au amefanya makusudi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Nusu ya pili pia imepaliliwa.

Jumamosi, 10 Mei

Mzee mrefu ametokea barabarani, shuka jekundu, fimbo mabegani, mguuni viatu vya tairi vimeliwa na njia. Tluway akamwahi langoni.

"Mzee, usiingie. Nyumba hii iko mwikoni."

"Mimi ni Lomayani, natoka Sale," akasema, Kiswahili kizito. "Msiba ulioko humo ni wangu. Nani wa kunifungia?"

Akaingia. Ndiye mgeni wa kwanza kukaa kwenye kiti changu tangu Machi. Alikuwa ametoka kaburini, wakamwelekeza kwetu. Blandina alimpigia magoti akamweleza yote, homa, bafta, sweta. Mzee aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto wangu, akakiacha hapo muda mrefu.

Nilimletea maziwa. Kikombe ni kile kile cha maua, sina kingine cha mgeni. Akanywa, nikajaza. Akanywa, nikajaza. Akanywa tena, na nilipoinua jagi akakigeuza kikombe, akakifunika juu ya meza, mdomo chini.

Nikabaki na jagi hewani.

Akaona ninavyokitazama, akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Samahani, mama. Kwangu watoto wote nimewafundisha hivi. Kina mama mnapenda kuongeza. Ukishiba, unafunika kikombe."

Blandina akasema, "Na mama alikuwa amemwalika, baba. Kwa Pasaka. Alikuwa anaingoja sana."

Mzee Lomayani akatazama chini. "Kumbe alialikwa," akasema. "Na hakufika."

Mimi ni mtu wa maneno mengi, Mbulumbulu yote inajua. Leo nimepata mawili tu.

"Alifika," nikamwambia. "Alishiba."

Akakitazama kikombe. Akatazama nje, langoni, kwenye ile nguzo. Hakuniuliza lini.